Hodi Isiyo na Jina



Mgeni anayefika kwenye mji wa watu katika vijiji vya Bariadi, Itilima au Meatu haendi moja kwa moja hadi mlangoni. Husimama pembeni mwa ua, akapiga hodi, akangoja. Akishaitikiwa na salamu zikishapita, huulizwa ametoka wapi na ni mtoto wa nani. Anayeuliza hana nia ya kumdhalilisha mgeni, na mgeni naye haoni kuwa ametukanwa. Hivyo ndivyo watu wanavyojuana kabla ya kuletewa kiti na maji ya kunywa. Desturi hiyo inaafikiana na mafunzo ya dini yetu. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na wawatolee salamu wenyewe. Aya inayofuata inaeleza kwamba mgeni akiambiwa arudi, basi na arudi, na kwamba hilo ni safi zaidi kwake.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Sahaba Jabir bin Abdullah (r.a.), aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kwa sababu ya deni lililoachwa na baba yake. Alipobisha mlango aliulizwa ni nani, naye akajibu kuwa ni yeye, bila kutaja jina. Mtume (s.a.w.) alilikariri jibu hilo kwa namna iliyoonesha kuwa hakulipenda. Jabir alikuwa Sahaba anayejulikana, na haja iliyompeleka ilikuwa ya kweli. Hata hivyo neno "mimi" halikutosha kuwa jibu mlangoni.

Tumeanza na mlango kwa sababu ombi la urafiki linaloingia kwenye simu ya kijana wetu saa nne usiku nalo ni hodi. Anayeipiga anaomba aingie mahali penye picha za harusi ya dada, jina la shule ya mdogo wake, duka la baba, namba ya simu ya mama na orodha ya ndugu wote. Anapoulizwa ni nani, anaonesha picha na jina alilojichagulia mwenyewe. Hilo halina tofauti na kujibu "mimi".

Wengi hulikubali ombi la namna hiyo kwa haya tu. Wanadhani kumkataa mtu ni kiburi, hasa akiwa ametanguliza salamu ya Kiislamu na picha ya Al-Kaaba. Lakini aya tuliyoitaja imempa mwenye nyumba haki ya kusema "rudi", na haikumlazimu kutoa sababu. Kama mtu aliyesimama mlangoni kwa miguu yake anaweza kurudishwa bila dhambi, sembuse picha?

Kwamba picha hizo nyingi ni za uongo si dhana yetu. Kampuni ya Facebook yenyewe ilitangaza kuwa katika miezi mitatu ya mwanzo ya mwaka 2019 ilifuta akaunti bandia zipatazo bilioni 2.2. Nyingi zilifutwa muda mfupi baada ya kufunguliwa, nyingi zikiwa zimetengenezwa na mitambo. Lakini baada ya ufutaji huo kampuni ilikadiria kuwa akaunti kama 5 katika kila 100 zinazotumika kwa mwezi zilikuwa bado ni bandia. Kijana mwenye marafiki elfu moja asiowajua wala kuwachagua na apige hesabu mwenyewe.

Sasa tuje Simiyu, kwani jambo hili lina sura yake huko. Mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012 ndio wenye pamba nyingi kuliko mikoa mingine nchini. Ununuzi kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, na kwa wiki kadhaa fedha ambazo familia imezingoja mwaka mzima hupita kwenye vyama vya ushirika, kwenye benki na kwenye simu za mkononi. Kijana aliyepiga picha akiwa amekaa juu ya rundo la pamba jeupe, akaandika kwa furaha kuwa mwaka huu Mungu amejalia, amewatangazia ndugu zake habari njema. Amewatangazia pia wasio ndugu zake kwamba nyumbani kwao kuna fedha, na picha yenyewe imewaonesha ni lini.

Jambo la pili ni idadi yetu. Waislamu wa Simiyu si wengi, nao wametawanyika: familia chache Mwanhuzi, nyingine Maswa, nyingine Lamadi kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, nyingine kwenye senta za vijijini ambako msikiti wa karibu ni wa kupandia bodaboda. Mzazi mwenye binti wa kuozwa, au kijana anayetafuta mke wa dini yake, hana uwanja mpana kama alionao mwenzake wa Tanga, Kigoma au Unguja. Simu imempa uwanja huo. Amewapata Waislamu wenzake wa Mombasa, Ujiji na Maskati bila kupanda basi, na hatuwezi kumlaumu kwa kufurahi. Wapo waliopata wenza wema kwa njia hiyo. Lakini tapeli anajua vizuri kuwa mtu aliye peke yake hufurahi zaidi anapobishiwa hodi.

Tuchukue mfano. Hatuelezi habari ya mtu fulani, bali namna mambo haya yanavyokwenda. Binti wa miaka ishirini, aliyemaliza kidato cha nne na sasa anamsaidia mama yake dukani, anapokea ombi kutoka kwa kijana mwenye kofia ya mkono, ndevu nadhifu na jina zuri la Kiarabu. Anasema ni Mtanzania anayefanya kazi Oman. Kila asubuhi anatuma dua. Anamuuliza kama ameshaswali Alasiri, na anamsifu kwa stara yake. Wiki ya tatu anataja ndoa, na anaitaja kwa maneno ya heshima kabisa: anataka mke wa kujenga naye, hataki mchezo. Binti anaona kuwa huyu hafanani na vijana wa stendi. Mwezi wa pili kinakuja kisa. Mara ametuma mzigo wa zawadi, umezuiliwa uwanja wa ndege na unahitaji kulipiwa ushuru. Mara amepata ajali. Mara mwajiri ameshikilia pasi yake ya kusafiria. Kiasi kinachoombwa kwanza ni kidogo, na anayekitoa hukitoa akiona anamsaidia mume wake mtarajiwa. Baadaye huongezeka. Tapeli mwenye haraka hudai fedha. Mwenye subira, aliye hatari zaidi, hudai picha.

Katika mfano huu kila kitu kilivaa vazi la dini isipokuwa kitu kimoja: mlango wa walii. Mchumba mwenye dua hizo zote hakupata kusema, "Nipe namba ya baba yako nizungumze naye." Alipoombwa afanye hivyo alisema wakati bado, au kwamba wazazi hawataelewa, au kwamba anataka mambo yaive kwanza. Mtu anayejua masuala ya twahara hadi nukta za mwisho, akasahau kuwa binti wa Kiislamu huposwa kwa walii wake, usahaulifu wake una sababu.

Imepokewa kutoka kwa Umar bin al-Khattab (r.a.) kisa ambacho kila baba anayeletewa posa angekifanyia kazi. Mtu mmoja alitakiwa alete anayemjua, na akajitokeza mtu akasema anamjua kwa uadilifu wake. Umar akamuuliza mambo matatu. Je, ni jirani yake wa karibu, anayejua usiku wake na mchana wake? Je, amewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Je, amewahi kusafiri naye? Jibu lilikuwa hapana kwa yote matatu, na Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Katika baadhi ya mapokezi imeongezwa kuwa Umar alimwambia huenda alichokiona ni kule kuinamisha na kuinua kichwa chake msikitini tu.

Tuyapeleke maswali hayo kwa kijana wa kofia ya mkono. Hakuna aliyeishi naye jirani. Fedha imekwenda upande mmoja tu. Safari hakuna. Kilichobaki ni picha ya mtu anayeswali, na hata huyo anayeonekana kwenye picha huenda ni kijana wa watu wa nchi nyingine, ambaye hajui kwamba uso wake unachumbia Bariadi.

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu, maana wapo wanaosema kuwa akaunti isiyo na uso ni ya uongo na yenye uso ni ya kweli. Kwa familia za Kiislamu kipimo hicho hakifai. Wanawake wengi wetu wenye heshima zao wameweka picha ya ua la waridi, wakajiita Umm Fulani, nao hawamdanganyi yeyote. Wanaojua wanajua ni nani. Na matapeli wengi wana uso, tena mzuri. Kwa hiyo kuitazama picha hakutoshi. Yatakiwa apatikane mtu wa tatu, anayeishi na anayefikika, atakayesema, "Huyu ni mtoto wa fulani, baba yake namjua." Asipopatikana mtu wa namna hiyo, hodi hiyo haina jina.

Sura nyingine ya udanganyifu huu haihitaji mgeni kabisa. Tapeli hunakili picha na jina la mtu wenu, tuseme mjomba anayefanya kazi Mwanza, akafungua akaunti mpya, kisha akawaomba urafiki wale wale walioko kwenye orodha ya mjomba. Watu hukubali wakidhani amebadilisha akaunti. Baada ya siku mbili mjomba yuko hospitalini na anahitaji laki na nusu kwa namba ambayo si yake. Ni mdogo wake ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao hakuna Mtanzania asiyewahi kuupokea, ila huu umevaa uso wa mtu unayempenda. Dawa yake ni rahisi mno, na ndiyo maana inadharauliwa: piga simu kwa namba ile ya zamani ya mjomba, usikie sauti yake. Na mtu yeyote, hata akiwa na sura ya mama yako mzazi, akikuomba umsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, usimsomee. Hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yako, na ukishazitoa, kesho atakayewaomba ndugu zako fedha ni wewe.

Ziko pia akaunti zinazojiita za viongozi wa nchi na wafanyabiashara wakubwa, zikitangaza mikopo nafuu kwa atakayetanguliza ada ya fomu. Zipo zinazotumia majina ya masheikh. Mufti Ismail Menk wa Zimbabwe amelazimika zaidi ya mara moja kuwaonya wafuasi wake kuwa wapo wanaotumia jina na picha zake. Sadaka ina watu wake wanaojulikana mtaani kwako, tena wenye haja. Hakuna sheikh anayekutafuta gizani kwenye kisanduku cha ujumbe ili umtumie.

Na za ajira. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani kutoka Tanzania walioko Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, wakiwamo waliosema walinyang'anywa pasi, walifanyishwa kazi saa nyingi kupita kiasi na kunyimwa mishahara. Wengi wao walipitia kwa mawakala wa ana kwa ana. Ikiwa aliyepitia kwa wakala anayemwona kwa macho aliweza kufikwa na hayo, binti anayeahidiwa kazi na picha kwenye simu ana dhamana gani? Ofisi ya serikali inayohusika na ajira, TaESA, ipo kwa ajili ya kuulizwa.

Msomaji anaweza kuuliza ni nani basi aliye nyuma ya picha hizi. Hapa nchini, taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa namba za simu zinazohusishwa na utapeli. Ni Watanzania wenzetu, wanaojua lugha yetu na misimu yetu. Lakini wapo pia walio mbali zaidi, na habari yao inasikitisha kwa namna nyingine. Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kuwa watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wamefungiwa kwenye majengo yenye ulinzi, wanapewa simu na picha za watu wengine, na wanatakiwa wajenge mapenzi ya uongo na watu wasiowajua. Asiyefikisha kiwango huadhibiwa. Miongoni mwa waliookolewa huko wamo vijana wa Kenya na Uganda, walioondoka kwao wakiamini wanakwenda kufanya kazi ya ofisini. Nao pia waliitikia hodi ya kazi isiyo na jina. Kwa hiyo yule anayemwandikia binti yetu maneno matamu huenda naye ni mtoto wa mtu anayeombewa dua nyumbani kwao.

Tumesema kuwa tapeli mwenye subira hudai picha. Hapa ndipo penye msiba wenyewe, na hatutapita haraka.

Fedha ya pamba ikipotea, familia hulia, hubana matumizi, na msimu mwingine huja. Picha haina msimu. Binti aliyeahidiwa ndoa, akaombwa avue mtandio "kwa kuwa mimi ni mume wako mtarajiwa", kisha akaombwa zaidi ya hapo, siku moja huamka akakuta ujumbe mfupi: tuma kiasi fulani, ama picha hizi ziende kwa baba yako, kwa ustadhi wa madrasa na kwenye kundi la ukoo. Majina anayo, kwani alipewa orodha yote siku ile ombi lilipokubaliwa. Binti hutuma alichonacho. Hukopa kwa rafiki. Huchukua kwenye droo ya duka. Kila anapolipa hudaiwa tena, kwa sababu aliyelipa mara moja ameonesha kuwa analipika. Wavulana nao wanafikwa na hili. Kwao mtego huwa ni akaunti ya msichana anayeomba simu ya video, na kumbe kuna anayerekodi. Mvulana hunyamaza zaidi, kwa kuwa ameambiwa tangu utoto kuwa mambo ya namna hii ni ya wasichana.

Nguvu ya tapeli hapa haitoki kwenye simu. Inatoka kwenye uhakika alionao kwamba mtoto huyu anamwogopa baba yake kuliko anavyomwogopa yeye. Pale binti anapoweza kuingia chumbani kwa mama au shangazi na kusema lililotokea, biashara yote huporomoka, maana siri ndiyo bidhaa inayouzwa. Na zipo nyumba ambazo binti hawezi. Amesikia mara nyingi nini kitampata binti atakayeiaibisha familia, na hajasikia hata mara moja nini atafanyiwa binti aliyedanganywa.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa anayemsitiri Mwislamu, Allah (s.w.) atamsitiri duniani na akhera. Kumsitiri binti ni kutomtangaza, kutomsimanga mbele ya wadogo zake, kutolifanya jambo lake kuwa hadithi ya sebuleni. Kumwachia mhalifu aendelee si katika sitara. Hiyo ni kumwandalia binti wa jirani zamu yake. Tunawaomba wazazi wayatenganishe mambo haya mawili. Na kwa baba tunaomba jambo moja mahususi. Siku atakapoambiwa, sentensi yake ya kwanza isiwe swali la "kwa nini ulifanya hivi?" Swali hilo lina wakati wake, siku nyingine. Siku hiyo kuna ujumbe wa kuhifadhi na safari ya kwenda polisi.

Ujumbe uhifadhiwe, usifutwe. Watu wengi kwa hasira au kwa aibu hufuta kila kitu, na ushahidi ukaenda nao. Zipigwe picha za kioo zinazoonesha jina la akaunti, tarehe, maneno ya vitisho na namba iliyotumiwa fedha, pamoja na ujumbe wa muamala. Mlipaji aache kulipa. Kisha apelekwe kituoni akiwa amesindikizwa. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo limewekwa ili mambo ya aibu yasisemwe kaunta mbele ya kila mtu. Kwa mtoto ipo pia namba 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto. Ujumbe wa kitapeli wa kawaida hupelekwa kwenye namba 15040 ya TCRA, ili namba iliyoutuma ishughulikiwe.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imelifanya tendo la kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta au simu kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au mara tatu ya alichojipatia mkosaji ikiwa ni kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Vijana wetu wanaofungua akaunti kwa jina la mwalimu wao au la msichana wa darasani ili wacheke nao wasomewe kifungu hicho taratibu. Kwa upande wa dini, utani wenye kumghushi mtu haukupewa mlango wake maalumu.

Kuhusu simu yenyewe, mambo machache yatoshe, na yafanyike mkiwa mmekaa pamoja, si mzazi kuinyang'anya simu usiku. Kwenye mipangilio ya Facebook ipo sehemu ya kuamua nani anaweza kutuma ombi la urafiki. Ibadilishwe kutoka "kila mtu" iwe "marafiki wa marafiki". Ipo sehemu ya kuficha orodha ya marafiki isionekane na mtu mwingine yeyote, na hiyo ndiyo inayomnyima tapeli majina ya baba na ustadhi. Namba ya simu iondolewe machoni pa watu. WhatsApp iwekewe namba ya siri ya hatua ya pili. Halafu orodha ya marafiki ipitiwe jina kwa jina, na kila jina liulizwe maswali ya Umar. Wasiojulikana waondolewe. Hawataarifiwa, wala hakuna atakayekasirika.

Limebaki jambo la wazee wetu, ambalo husahaulika kwa kuwa wengi wao hawana hata hiyo Facebook. Tapeli anahitaji laini ya kupokelea fedha, na tangu usajili wa alama za vidole ulipokuwa lazima hawezi kuisajili kwa jina lake bila kujianika. Hutafuta laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Bibi wa Lagangabilili aliyekwenda mnadani kununua laini kwa kijana wa mwavuli, akaambiwa kidole hakijasoma, aweke tena, na tena, huenda amerudi nyumbani na laini moja huku mbili nyingine zikibaki mwavulini. Siku polisi watakapoifuatilia namba iliyopokea fedha ya binti wa watu, jina litakalotokea ni la bibi. Mwenye mama au bibi kijijini, akienda kumsalimia, na aibonyeze *106# kwenye simu yake wakiwa wamekaa pamoja, aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Ikitokea namba asiyoijua, waende wote wawili kwenye duka la kampuni ya simu wakiwa na kitambulisho hicho, ifungwe.